Samaki Hana Wazimu

Mimi ni mtoto wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwetu samaki alikuwa wa aina tatu: wa kukaanga, wa kuchemsha na wa kukausha. Dagaa walianikwa mchangani, migebuka ilikwenda sokoni, na alipofika mgeni wa heshima, mama alitafuta kuhe. Vile visamaki vilivyocheza kwenye mawe ya ufukweni, visivyojaza hata kiganja cha mtoto, havikuhesabiwa. Tulivichota kwa kipande cha khanga, tukavitazama kidogo, tukavimwaga. Havikuwa kitoweo, kwa hiyo havikuwa kitu.

Leo visamaki vya namna ile ndivyo vinavyonilipia kodi ya nyumba Dar es Salaam. Natunza matangi ya samaki wa mapambo majumbani, kwenye migahawa na kwenye vyumba vya kusubiria vya zahanati. Wateja wananiita fundi samaki. Lakini ushuhuda ninaoutoa hapa hauhusu jinsi nilivyoipata kazi hii. Unahusu jinsi nilivyoacha kumwona samaki kama pambo linalopumua, nikaanza kumwona kama kiumbe ambaye kila alifanyalo lina sababu, hata pale linapoonekana kituko.

Nilipoingia kazini, lugha ya mafundi ilikuwa fupi: samaki yuko sawa, au samaki anaumwa. Akila na kuogelea katikati ya tangi, yuko sawa. Akijificha, akilala ubavu, akijisugua kwenye mawe, akipanda juu kuvuta hewa au akimkimbiza mwenzake, anaumwa. Kwa anayeumwa ilikuwapo chupa ya dawa ya buluu inayoganda vidoleni, na chumvi ya mawe. Mteja naye alipenda kumwona fundi akimimina kitu, kwa sababu kumimina ndiko alikokuita kazi. Wengine walikuwa na maelezo ya kwao. Mlinzi wa nyumba moja ya Sinza aliniambia kwamba samaki wakihangaika usiku, ujue kuna kitu kimepita. Sikubishana naye, sikuwa na maelezo yaliyozidi yake.

Kilichonigeuza ni kutuhumiwa wizi.

Ilikuwa nyumba ya Mbezi Beach yenye tangi kubwa sebuleni. Ndani yake walikuwamo samaki wa jamii moja, walioletwa kutoka ziwani kwetu. Karibu wote walikuwa na rangi ya mchanga, isipokuwa dume mmoja wa njano mwenye mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni. Watoto walimwita Bosi. Siku moja nilifanya usafi mkubwa: nikatoa mawe yote, nikayasugua, nikayapanga upya kwa namna niliyoona inapendeza. Kesho yake simu ikaita.

"Fundi, umenibadilishia samaki. Huyu wa njano aliyepo ni mwingine, mdogo. Nirudishie Bosi wangu tumalizane kiungwana."

Nilirudi roho ikiwa juu. Nikawahesabu samaki mbele ya mwenye nyumba, na idadi ilikuwa ileile. Yeye hakuelewa, mimi pia sikuelewa. Baba yake mzazi, mstaafu aliyefundisha biolojia sekondari kwa miaka mingi, alikuwa kwenye kochi akisoma gazeti. Nilipoingia nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Sasa akalikunja gazeti.

"Kijana, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Ujiji, Mwalimu."

"Na samaki hawa hukuwahi kuwaona huko kwenu?"

"Niliwaona, ila kwetu hawaliwi."

Akacheka. "Basi vuta kigoda. Leo utawaona."

Akatuonyesha kona ya nyuma, kando ya bomba la chujio. Palikuwa na samaki mkubwa wa rangi ya mchanga, mapezi ameyabana mwilini, hasogei. Mwalimu akamwambia mwanawe atazame pezi la mkia, kwenye kile kipande kilichomeguka zamani. Mwenye nyumba akainama, akatazama, akanyamaza. Alikuwa Bosi mwenyewe, njano yote imemtoka. Yule mdogo aliyekuwa aking'aa katikati ya tangi, juzi alikuwa mmoja wa wale wasio na jina.

Samaki hawa wataalamu huwaita Astatotilapia burtoni. Jina hilo linamkumbusha Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Ujiji na mwenzake Speke Februari 1858. Albert Günther, mtaalamu wa makumbusho ya London, ndiye aliyemwandika samaki huyo katika vitabu vya sayansi mwaka 1894. Sikuwahi kudhani kwamba kisamaki nilichokuwa nikikimwaga kutoka kwenye khanga kilikuwa na cheti cha kuzaliwa. Na kumbe umaarufu wake haukuishia hapo. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Russell Fernald na wenzake walimchunguza kwa miaka mingi, na walichokiona ndicho kilichotokea katika tangi la Mbezi Beach.

Madume wa samaki huyu wana madaraja mawili. Mwenye eneo lake hung'aa kwa njano au buluu, hupata ule mstari wa jichoni, hufukuza wengine na ndiye anayezaa. Asiye na eneo huvaa rangi ya mchanga, huchanganyika na majike na hazai. Lakini daraja si la kudumu. Mwenye eneo akinyang'anywa, rangi humtoka. Wa chini akiona pengo, ndani ya dakika chache huanza kung'aa na kutamba, na katika siku zinazofuata hata seli za ubongo zinazosimamia uzazi wake hunenepa. Mimi niliposugua mawe na kuyapanga upya, nilifuta mipaka yote ya tangi. Kila mmoja alianza upya kudai kiwanja, na Bosi akashindwa na kijana.

Mwenye nyumba aliniomba radhi na chai ikaletwa. Tukiwa tunakunywa, Mwalimu alinieleza jaribio moja la kundi hilohilo la Stanford, lililotangazwa mwaka 2007. Watafiti waliwapiganisha madume watano wawili wawili mbele ya dume mwingine aliyekuwa akitazama kutoka nyuma ya kioo. Walipanga mambo ili wa kwanza amshinde wa pili, wa pili amshinde wa tatu, wa tatu amshinde wa nne, na wa nne amshinde wa tano. Kisha mtazamaji akawekewa wa pili upande mmoja na wa nne upande mwingine. Hakuwahi kuwaona hao wawili wakipigana, na kila mmoja wao alimwona akishinda pambano moja na kushindwa moja. Akasogea upande wa yule wa nne, aliye dhaifu. Alikuwa amejumlisha mwenyewe kichwani.

"Sasa niambie," akasema Mwalimu, "siku ile ulipokuwa unasugua mawe, kati yako na hao samaki, nani alikuwa anamtazama mwenzake?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba ruhusa ya kuja kukaa naye mbele ya tangi siku nisizo na kazi, naye akakubali kwa furaha ya mzee aliyepata tena mwanafunzi.

Katika vikao vile ndipo nilipomsikia Nikolaas Tinbergen, Mholanzi aliyekuwa Leiden miaka ya 1930. Alifuga samaki wadogo wa maji baridi ya Ulaya wenye miiba mitatu mgongoni, na matangi aliyaweka dirishani. Wakati wa kuzaa, dume wa samaki hao hupata wekundu kifuani na tumboni. Tinbergen akaona jambo la ajabu: gari jekundu la posta lilipopita barabarani, madume walilikimbilia kwenye kioo kutaka kulishambulia. Mtu mwingine angecheka akaendelea na shughuli zake. Yeye alitengeneza visamaki vya bandia. Aliyefanana sana na samaki halisi lakini hana wekundu, madume hawakumjali. Kipande kibaya kisicho na umbo lolote, ilimradi chini ni chekundu, walikivamia. Wale samaki hawakuwa na wazimu; waliliona gari kuwa jirani aliyevuka mpaka. Mwaka 1973 Tinbergen alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, na kazi iliyowapa sifa ilikuwa ni hii ya kuwauliza wanyama kwa nini wanafanya wanachofanya.

Nilikua si mbali na Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe mwaka 1960. Watu wanatoka mbali kuja kuona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti. Miguuni pa milima ileile, majini, kuna siasa za vyeo na mipaka ambazo mtoto wa Ujiji alizipita akienda kuoga.

Basi nikajitengenezea utaratibu wangu, ninaoufuata hadi leo. Nikiambiwa samaki anafanya kituko, nauliza mambo matatu kwa mpangilio: maji, majirani, maumbile. Mpangilio huo una sababu. Maji huua kwa saa, majirani huua kwa siku, na maumbile hayaui kabisa. Anayeteseka hapo ni mwenye samaki peke yake, kwa hofu.

Nianze na maji. Samaki hupumua, hula na kujisaidia ndani ya maji yaleyale, na hana pa kwenda. Taka zake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye chujio na mawe huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa mpaka ilundikane. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kustawi katika tangi jipya. Mwenye haraka hajui hilo.

Niliitwa kwenye mgahawa mmoja uliokuwa umefunguliwa karibuni. Tangi lilijazwa maji na samaki katika wiki moja ili wageni wa ufunguzi wafurahi. Sasa samaki wote walikuwa juu, midomo inagonga uso wa maji, wanahema. Mwenye mgahawa alikuwa ameshanunua pampu ya pili ya hewa, tangi linachemka mapovu, na bado wanahema. Zamani ningemwaga dawa. Safari hii nilipima maji, nikakuta naitraiti iko juu. Naitraiti ikiingia kwenye damu ya samaki huiharibu hemoglobini isiweze kubeba oksijeni, na damu hubadilika kuwa ya kahawia. Hewa imejaa majini lakini mwilini haifiki. Tulibadilisha sehemu ya maji, tukasimamisha chakula, tukatia chumvi kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile chumvi ya mafundi wa zamani ilikuwa na maana yake: kloraidi iliyomo huzuia naitraiti isipenye kwenye matamvua. Chumvi ilikuwa sahihi kwa tatizo hilo. Haikuwa sahihi kwa kila tatizo.

Kuhema juu kuna sura nyingi, na kila sura ina saa yake. Wakihema mchana wa Februari umeme umekatika, ni joto: lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na hapo chujio limesimama. Wakihema alfajiri tu, kisha ifikapo saa sita mchana wametulia, natazama mimea. Usiku mimea haitoi oksijeni, inaila pamoja na samaki, na mwanga ukirudi mambo hutengemaa. Mteja wa namna hii hunipigia simu akiwa na hofu, nikifika anaona aibu kwa sababu samaki wanacheza. Namwambia asione aibu, aniambie tu ilikuwa saa ngapi.

Kujisugua kwenye mawe ni vivyo hivyo. Wakianza wote kwa pamoja baada ya kubadilishiwa maji, nashuku klorini ya maji ya bomba, ambayo huunguza matamvua; maji hayo yangekaa kwenye ndoo wazi usiku kucha yakipigwa mapovu kabla ya kutumika. Wakianza mmoja mmoja, na vidoa vyeupe vya ukubwa wa punje ya chumvi vikatokea kwenye mapezi, ni kimelea. Huyo ndiye anayestahili dawa, lakini dawa haimpati akiwa amejichimbia chini ya ngozi ya samaki. Humpata anapotoka kuogelea kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana anayeacha dawa siku vidoa vinapopotea hurudi dukani baada ya muda mfupi.

Kisha kuna mama mmoja aliyewapenda samaki wake kiasi cha kuwawekea maji ya mvua, akiamini hakuna maji safi kuliko hayo. Samaki wake walikuwa moli, wanaozaa vitoto hai. Wakawa wanatikisika pale pale walipo, mwili unayumba kushoto na kulia na hawaendi popote. Maji ya mvua hayana madini, na moli ni samaki wa maji magumu, hata ya chumvichumvi. Tulipowarudisha taratibu kwenye maji ya kisima, mtikisiko ukaisha. Usafi wa maji kwa mnywaji na kwa samaki ni mambo mawili.

Maji yakiwa sawa, ndipo nawatazama majirani. Samaki anayepanda na kushuka kwenye kioo kimoja kutwa nzima, mara nyingi anapigana na taswira yake: taa ya ndani inawaka, nje ni giza, kioo kimekuwa kama cha kujitazamia. Kuwasha taa ya nje au kupunguza ya ndani humtuliza. Samaki anayejibana kwenye kona ya juu, karibu na bomba, mapezi yamechanika, huyo anapigwa. Watu wengi hudhani suluhisho ni kupunguza samaki. Kwa jamii ya Tropheus, wale wala mwani wa kwenye mawe ya ziwa letu, ni kinyume chake. Ukiwaweka watatu, mkubwa atamwandama mnyonge mmoja mpaka afe. Ukiwaweka kundi, ugomvi husambaa na hakuna anayebeba wote peke yake.

Funzo kubwa la ujirani lilitoka kwa samaki mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye mkia wa nyuzi ndefu, Neolamprologus brichardi. Max Poll, Mbelgiji, alimpa jina hilo mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo kutoka Burundi. Mteja wangu alikuwa na jozi iliyozaa mara kadhaa. Alilalamika kwamba wazazi wanamwonea mmoja wa watoto wakubwa, na kwamba wale wengine wamekuwa na tabia ya ajabu ya kusomba mchanga mdomoni. Kumbe watoto wa samaki hawa hawahami wakikua. Hubaki nyumbani kulinda eneo, kusafisha mayai ya wadogo zao na kutoa mchanga kwenye mashimo. Mtafiti Michael Taborsky na wenzake wamewachunguza hawa na ndugu zao wa karibu tangu miaka ya 1980, na wameonyesha kwamba kazi hiyo ni kama malipo ya kukaa. Msaidizi asiyefanya kazi anaweza kushambuliwa, hata kufukuzwa. Mteja alitaka nimtoe mzazi mkorofi. Nilimwomba tumtoe kijana anayepigwa, tumpe tangi lake, na familia ikaendelea na shughuli zake.

Zamu ya tatu ni maumbile, na hapa ndipo simu nyingi huishia kwa kicheko. Kambale mdogo wa bonde la Kongo, Synodontis nigriventris, huogelea chali. Ameumbwa hivyo, hata tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo, kwa sababu tumbo ndilo linalotazama juu. Nimewahi kukuta mteja akimgeuza kwa kijiko. Bota wa Indonesia mwenye mistari ya chungwa na nyeusi hulala ubavu sakafuni hadi umdhanie maiti. Ukisogeza mkono anaondoka zake. Beta wa Asia hupanda juu kuvuta hewa hata maji yakiwa mazuri kuliko yote, kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa moja kwa moja. Kitendo ni kilekile cha samaki wa mgahawani, na maana ni kinyume chake. Bila kujua unamtazama nani, huwezi kujua unatazama nini.

Halafu kuna Neolamprologus multifasciatus, dume lake kubwa halizidi sana sentimita 4, miongoni mwa wadogo kabisa katika ukoo mzima wa sikilidi duniani. Hukaa ndani ya magamba matupu ya konokono chini ya Ziwa Tanganyika. Huchota mchanga mdomoni, huutema pembeni, mpaka gamba linazama na kubaki mlango tu. Mhasibu mmoja alinilalamikia kwamba samaki wake wanamharibia bustani, kila akisawazisha mchanga wanachimba upya. Nilimshauri aache kusawazisha. Sasa ana kijiji kizima humo, na wageni wake wanaacha televisheni.

Lakini aliyenifundisha kusubiri ni jike wa wale wale wa Mbezi Beach. Aliacha kula. Akajitenga nyuma ya jiwe, taya la chini limeshuka, anatafunatafuna bila kitu. Mke wa mwenye nyumba aliniita kwa haraka, akiwa na hakika ni uvimbe wa koo. Nikaingiza kipimo cha maji: sawa. Nikatazama majirani: hakuna anayemgusa. Nikakaa. Baada ya muda niliona, samaki alipofungua mdomo kidogo, vitu vya mviringo vikizunguka ndani. Alikuwa na mayai. Jike wa jamii hii hukusanya mayai mdomoni mara tu anapoyataga, na dume ana vidoa vya rangi ya mayai kwenye pezi la chini. Jike akivifuata kwa mdomo, mayai yake yanarutubishwa. Kisha kwa wiki mbili hivi hafungui mdomo kula. Kumkamata kwa wavu kungemfanya ayateme au ayameze. Nilimwambia, "Mama, huyu anahitaji kuachwa tu." Watoto wa nyumba ile ndio waliokuwa wa kwanza kuona vifaranga vikitoka, na vikirudi mbio mdomoni mwa mama yao paka alipoparamia meza.

Nilipokwenda nyumbani likizo, nilikaa ufukweni na wapwa zangu. Walishangaa mjomba wa Dar anakaa juani akitazama maji yasiyofika magotini. Niliwaonyesha dume anayetamba juu ya shimo lake na majike wanaopita. Kaka yake mama, mvuvi tangu ujana, alisogea kusikiliza. Nilidhani atanicheka. Akaniambia kwamba kuhe naye hulinda watoto, dume na jike wakiwa pamoja juu ya mchanga, na kwamba wao wavuvi wanawajua wanapokuwa katika hali hiyo kwa jinsi wanavyoshindwa kuondoka mahali. Ni kweli: kuhe, aliye miongoni mwa sikilidi wakubwa kabisa, ni wa ukoo mmoja na vile visamaki vya gamba la konokono. Mjomba alikuwa na maarifa hayo siku zote. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu sisi tulimuuliza bei tu.

Kazi yangu imebadilika pia kwa upande wa pesa, na hili nalitaja wazi kwa sababu ushuhuda usiogusa mfuko haukamiliki. Dawa zilikuwa zinaniingizia fedha kuliko usafi. Sasa nauza chache. Badala yake natoza kwa kutazama. Nabeba kigoda, kipimajoto, vipimo vya maji na daftari, nami huandika saa, joto, nani yuko wapi, nani anamkwepa nani. Mawe ya mteja siyasogezi bila kumwuliza, na nikiyasogeza namwambia atarajie vita.

Wapo wanaolalamika. "Fundi, umekaa saa nzima hujagusa kitu, halafu unataka hela?" Nawajibu kwamba saa hiyo ndiyo niliyowauzia. Siku hizi bei ya kutazama naitaja mlangoni kabla sijavua viatu. Anayeikubali, simwagi kitu kwenye maji yake mpaka nijue samaki wake wanasema nini. Anayeikataa namwelekeza kwa fundi mwenye chupa, tunaagana vizuri, na namba yangu anabaki nayo.